Mbwa Aliyezunguka Kaburi la Mume Wangu

Mwaka ule tulikula samaki wa katoni. Ziwa liko pale. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya boma langu siku isiyo na ukungu unaliona kwa mbali liking'aa kama bati jipya. Na bado sokoni Rangwe wanawake walikuwa wakitoa samaki wa barafu kwenye maboksi yenye maandishi ambayo hata wajukuu wangu wenye vyeti hawakuweza kuyasoma. Mahindi yalimalizwa na viwavi shambani, kwa hiyo ugali ulikuwa wa muhogo na mtama, mweusi, mzito, ule unaoshuka tumboni na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Anayetaka kujua ni mwaka gani aanzie hapo. Mimi shule niliiacha darasa la tatu na tarehe hazikai kichwani mwangu, lakini nilichokula nakikumbuka chote.

Mwaka huo ndipo mbwa wetu alipoanza kuzunguka.

Alikuwa mbwa wa mume wangu. Alimleta kutoka kisiwa cha Remba akiwa mdogo, ndani ya ndoo ya omena, dagaa wa ziwa letu, wakati alipoacha uvuvi na kurudi nyumbani akisema mgongo umekataa maji. Jina lake siliandiki. Mume wangu alimpa jina la mtu fulani aliyemuudhi, ili awe anamwita na kumfukuza apendavyo, na mtu huyo bado yuko hai na tunaimba naye kwaya. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, hana ukoo wowote wa kujivunia, lakini alikuwa na akili kuliko baadhi ya watu ninaolazimika kuwaita jamaa. Alijua kuku wetu na kuku wa jirani, na kuku wa jirani akiingia kwetu, mbwa alimsindikiza mpaka kwao bila kumng'ata. Mume wangu alipokufa, mbwa alikataa chakula mpaka mbavu zikaonekana, kisha siku moja akala, kama sisi wengine.

Kaburi liko mbele ya nyumba yangu, limesakafiwa kwa saruji, na hapo uani hakuna kitu kingine kilichosimama. Uwanja wote naufagia mwenyewe kila asubuhi. Basi mbwa akaanza: anatoka jikoni, anatembea akipinda kulia, anafika kaburini, analizunguka. Analizunguka tena. Kichwa amekiinamisha, bega la kulia linasugua saruji, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ukimwita anasimama, anasikiliza kama mtu aliyesahau alitumwa nini, halafu anaendelea. Mahali alipopita pakawa na njia kwenye vumbi, duara kamili, na nikiifuta kwa ufagio asubuhi, adhuhuri imerudi.

Sasa ngoja nieleze habari ya shemeji, kwa sababu bila yeye mbwa angekuwa mbwa tu.

Shemeji yangu ni mdogo wa mume wangu. Boma lake limepakana na langu, tunatenganishwa na ua wa mikatani. Ana koti moja la sufu, jeusi, alilolinunua mitumba Homa Bay, na analivaa matangani hata jua likiwa la kuchoma bati. Kwetu mjane hurithiwa na ndugu wa mumewe. Mjane akiwa mzee kama mimi, magoti yanalia kuliko mlango, hakuna anayedai mengine. Koti la shemeji linatundikwa kwenye msumari ndani ya nyumba ya mjane, linalala humo usiku mmoja, asubuhi linatoka, na watu wanasema amekwisha kurithiwa, kifo kimetoka nyumbani. Mimi nilikataa tangu matanga. Nilimwambia mbele ya wake zake wawili: "Koti lako halitundikwi katika nyumba yangu."

Wengine wananiuliza, sasa koti lina ubaya gani. Koti halina ubaya. Lakini nyumba hii niliijenga kwa njugu nilizolima mimi, na msumari niliupigilia mimi. Na nimemwona jirani yangu mmoja: liliingia koti, baada ya koti ikaingia kofia, baada ya kofia viatu, halafu ng'ombe wakaanza kutoka. Tena kanisani nilisimama nikasema nimeolewa mara moja. Nilisema kwa sauti kubwa. Sirudi kusema kwa sauti ndogo.

Ila shemeji alikuwa na mahali pa kunishika. Kijana wangu wa kwanza alitaka kutoka kwenye boma la baba yake akajenge lake, maana ana mke na watoto na nyumba yake ya ujana imeanza kuinama. Kwetu kijana hahami peke yake. Alfajiri wanatoka na jogoo, shoka na moto, na baba yake ndiye anayemtangulia. Baba akiwa amekufa, anatangulia ndugu wa baba. Na shemeji ndiye ndugu wa baba aliyebaki, hakuna mwingine. Akasema hawezi kubeba jogoo kwa kijana ambaye mama yake bado amekalia kifo. Koti kwanza, jogoo baadaye.

Tulikuwa tumekaa hivyo, mimi na msumari wangu, yeye na jogoo wake, mbwa alipoanza kuzunguka kaburi. Ungeona furaha ya shemeji. Alikuja akasimama uani, mikono nyuma, akamtazama mbwa kama mtu anayesoma gazeti.

"Nyar Migori," akaniambia, maana hivyo ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Migori, hata baada ya kuwazalia watoto sita. "Hiyo mbwa unaiona?"

Nikamwambia macho yangu bado ni yangu.

"Ni ya ndugu yangu. Inamwona mwenyewe. Inazunguka kwa sababu yeye anazunguka, hana mlango. Wewe umemfungia."

Nilimjibu kwamba ndugu yake akiwa hai hakuwa mtu wa kuzunguka. Akitaka kitu alikuwa anasema, tena kwa matusi. Lakini maneno yale yalitoka hapo yakaenda. Yalifika kisimani kabla sijateka maji. Kijana wangu akanipigia simu kutoka kazini kwake kwenye miwa, sauti imeshuka, akiniuliza kama ni kweli mbwa wa baba anatembea kaburini. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga mwenye kikohozi. Alikuwa ameshaambiwa ni chira, ile laana inayokula nyumba iliyoruka desturi. Kila mtoto wa kijiji kile alikuwa anakohoa mwezi ule, lakini chira ilikuwa ya kwetu peke yetu.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, shemeji akiwa kwangu anakula, tena samaki wangu, nilimwambia huyu mbwa ni mgonjwa na nitamtafutia daktari. Daktari akionyesha kwamba ni ugonjwa wa mbwa, yeye shemeji ataacha habari ya koti na atambeba jogoo wa kijana wangu.

"Na akikosa ugonjwa?"

"Utaleta koti."

Akacheka, akachomoa mwiba wa samaki kwenye meno. "Nitalipiga pasi."

Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na hakika. Nimefuga mbwa tangu utotoni, najua mbwa mwenye huzuni na mbwa mwenye ugonjwa. Nisichokijua ni jinsi ilivyo kazi kumwonyesha mtu kitu kilicho ndani ya kichwa.

Nilianzia Rangwe kwa kijana anayeuza dawa za mifugo. Hakutoka kwenye duka lake hata kumwona mbwa. Akasema minyoo. Nikampa mbwa dawa, minyoo ikatoka, mbwa akaendelea kuzunguka, sasa akiwa mwepesi zaidi. Nikarudi. Akasema ni sikio, hao wakiumwa sikio wanapinda. Nikatia dawa sikioni. Nikarudi tena, akasema labda kupe. Kila nikienda kulikuwa na ugonjwa mpya, kama mitumba siku ya kufungua mzigo. Mwisho akaniambia nisimlete karibu, ni kichaa cha mbwa, apigwe.

Neno hilo nalo likatangulia kisimani. Vijana wakaja na rungu. Nilisimama mlangoni nikawaambia huyu alichanjwa kwenye uwanja wa shule, foleni moja na mbwa wa baba zenu, na mbwa mwenye kichaa hamalizi hata wiki mbili, huyu anazunguka tangu palizi na sasa tunavuna huo mtama. Wakaondoka, lakini akina mama wakaanza kuwapitisha watoto upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo nikawa na mbwa mwenye kichaa kwa wengine, mwenye roho ya marehemu kwa wengine, na wote walikuwa na hakika. Aliyekuwa anauliza ni mimi peke yangu.

Halafu mambo yakaongezeka. Akaanza kula nusu ya sahani. Ninamwekea ugali na mchuzi wa samaki, anakula upande mmoja mpaka sahani inang'aa, upande wa pili haugusi. Nilimgombeza. Nilimwambia hata mimi sipendi muhogo lakini ninakula. Siku moja nikaigeuza sahani kwa hasira ili nimwonyeshe chakula alichobakiza, na akakila chote, haraka, kama mtu aliyeletewa sahani ya pili. Nikakaa chini kwenye kigoda. Nikajaribu kesho yake, ikawa vilevile. Anakula cha kulia. Ukigeuza, kile cha kushoto kikija kulia, anakiona.

Kisha akaanza kusimama jikoni, paji la uso amelisukumia ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu akasahauliwa. Na asubuhi moja, mbele ya kibanda cha kuku, akaanguka. Miguu ikapiga hewa kama anakimbia akiwa amelala, mdomo ukatoa povu, mkojo ukamtoka. Kifafa kilipopita akainuka, akanitazama, hakunijua. Akaninusa mkono muda mrefu kabla hajanikubali. Mke mdogo wa shemeji aliona yote kutoka upande wake wa ua. Jioni nilimsikia shemeji akiimba huku anafunga ng'ombe.

Hapo nikasema ninaenda kwetu. Binti yangu mmoja ameolewa Migori mjini, na alinipigia akisema kuna daktari wa mifugo kule, msichana, anayetibu hata mbwa wa watu bila kumcheka mwenyewe. Nilimfunga mbwa kwa leso, kichwa nje, nikamsimamisha dereva wa proboksi, yale magari madogo ya abiria na mizigo. Dereva akasema mbwa atakaa nyuma na magunia ya omena. Nikamwambia huyu ni mgonjwa, magunia yatamsumbua. Akasema wasiwasi wake ni kwamba mbwa atayasumbua magunia. Basi nikapanda nyuma mimi, na mbwa, na omena, mpaka Migori, nikanuka kama mume wangu enzi zake.

Daktari aliyetufuata nyumbani kwa binti yangu alikuwa mdogo kuliko wajukuu wangu wakubwa, Mkuria wa upande wa mpakani, mwenye viatu vya gambuti na mikono mikubwa. Tuliongea Kiswahili kwa sababu yeye Kijaluo chake ni cha kununulia ndizi. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mbwa ana umri gani. Kifafa hiki kilianza utotoni au uzeeni. Anapinda upande gani, siku zote au anabadilisha. Tabia imebadilika. Anakulaje. Nilipomweleza habari ya sahani aliacha kuandika akaniangalia.

Kisha akampima mbele yangu, nikaona kila kitu. Alimkunja mguu wa mbele wa kushoto ukakanyaga kwa mgongo wa kidole, mbwa akauacha hivyohivyo, hajui kama umekunjwa. Wa kulia aliunyoosha mara moja. Akaangusha pamba upande wa kushoto wa uso, jicho halikufuata. Upande wa kulia likafuata. Akamwacha huru kwenye ua wa binti yangu, mahali ambapo hapana kaburi la mtu yeyote, na mbwa akaenda akipinda kulia mpaka akalikuta tangi la maji, akaanza kulizunguka, bega likisugua plastiki.

Nikacheka mpaka leso ikaanguka. Nikamwambia binti yangu ampigie simu baba yake mdogo amwambie marehemu amehamia kwenye tangi.

Daktari hakucheka. "Mama, nafikiri kuna kitu kinamea ndani ya kichwa chake. Kwenye ubongo, upande wa kulia."

"Unafikiri au unajua?"

"Nafikiri."

"Mimi nimepanda na omena kutoka Rangwe kuja kujua."

Akaniambia polepole, na bila dharau, kwamba si kichaa kwa sababu angekuwa ameshakufa. Si sumu, kwa sababu sumu haichagui upande. Kifafa cha mbwa wa kuzaliwa nacho huanza akiwa kijana. Sikio alilichungulia, ni zima. Unatoa hiki, unatoa kile, kinachobaki mkononi ndicho unachokifikiri, na kilichobaki ni uvimbe. Lakini kuuona ni mpaka ile mashine inayopiga picha ya kichwa vipande vipande, na alikojua kuna ya wanyama ni Nairobi, na mbwa mwenyewe alazwe usingizi, na mzee huyu huenda asiamke. Njia nyingine ya kujua ni akishakufa, kichwa kifunguliwe.

Nilimwuliza kama picha ya watu haifai, kwani kichwa si kichwa. Akasema haitakubaliwa. Lakini mimi nina magoti mabovu na shingo ngumu. Niliamka nikaenda kwenye hospitali moja kubwa iliyo na mashine hiyo, nikapanga foleni mpaka dirishani. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu nzuri.

"Mgonjwa ni wewe, mama?"

Nikamwambia mgonjwa yuko nyumbani.

"Ana miaka mingapi?"

"Kama kumi."

"Pole. Ni mjukuu?"

"Ni mbwa."

Aliangalia pembeni akauma midomo. Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa Kijaluo kwamba huyu bibi ndiye anayehitaji picha. Kijana wa dirishani akaniambia kwa upole kwamba kuna watu wanaosubiri hata wao hawajafikiwa, na alikuwa na haki, niliwaona kwenye mabenchi, vichwa vimefungwa kwa vitambaa. Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika tu, sina wa kumpelekea.

Daktari akatupa vidonge vya kifafa na vingine vya kupunguza maji yanayouzunguka uvimbe. Akasema kama anavyofikiri ndivyo, mbwa atapata nafuu kwa muda, halafu atarudi chini. Na ikawa. Ndani ya siku chache, kwa binti yangu, aliacha kubandika kichwa ukutani. Akala sahani nzima. Akamfukuza paka wa jirani na kumkosa, na nikaona fahari kama mtoto wangu amefaulu mtihani. Nikarudi naye nyumbani mbwa akitembea karibu sawasawa. Nilitaka shemeji amwone akipita langoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu tulipopita Rongo njiani.

Shemeji alikuwa amekaa kwangu, mbele ya nyumba yangu, kwenye kiti changu. Juu ya saruji ya kaburi kulikuwa na manyoya ya kuku na alama ya pombe iliyokauka.

"Mmefika," akasema. "Nilijua atapona. Nilizungumza na ndugu yangu, nikamwambia akae kwa subira, koti linakuja."

Nikamtolea vidonge. Nikamweleza juu ya mguu, pamba na tangi. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema vidonge ni vizuri, na kuku pia ni mzuri, na nani anajua kati ya hivyo viwili ni kipi kilichofanya kazi. Kuku mwenyewe alikuwa wangu, yule mwenye madoa. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu nikaona kwamba hata mbwa akipona nimeshindwa, na akizidiwa nimeshindwa. Kijana wangu alinipigia kufurahi. Aliniambia ni vizuri baba mdogo alichinja.

Nafuu iliisha kama alivyosema daktari. Duara likarudi kwenye vumbi. Vidonge tukaviongeza kwa maelekezo yake ya simu, lakini vifafa vikawa vinafuatana, na macho yakawa yanatazama kitu ambacho hakipo. Siku za mwisho nilimlisha kwa mkono, upande wa kulia, upande anaoujua. Alikufa asubuhi karibu na mafiga, nikiwa ninakoroga uji, bila kelele.

Daktari alikuwa ameniambia akifa nisimzike, nimwite. Siku ile alikuwa Homa Bay kwa kazi ya chanjo. Akaja na pikipiki, jua likiwa kali. Nilimwita shemeji. Nilimwita kijana wangu pia, akaja kutoka kwenye miwa, amevaa nguo za kazi. Sikutaka mtu aje kuniambia baadaye kwamba aliambiwa. Watoto tuliwafukuza mbali. Daktari akatandika gunia nyuma ya ghala, akavaa glavu na miwani, akaomba msumeno wa chuma ambao kijana wangu alikatia nondo.

Sitaeleza jinsi kichwa kinavyofunguliwa. Mimi nilikishika. Shemeji alisimama pale ndani ya koti lake la sufu, jasho linamshuka masikioni, lakini hakuondoka, na hilo nampa. Daktari alipoinua kile kifuniko cha mfupa akasema njooni muone. Ubongo wa mbwa ni kitu kidogo, unaingia kwenye kiganja. Upande wa kushoto ulikuwa laini, umejikunja vizuri. Upande wa kulia, kimegandamana na ngozi ya ndani, kulikuwa na kitu kigumu, cheupe cheupe, ukubwa wa zambarau iliyoiva, na mahali kilipokalia ubongo umebonyea kama godoro alilolalia mtu mzito. Alikigusa kwa ncha ya kisu, kikasukumika kizima.

"Ndicho hiki," akasema. "Mama, sasa najua."

Nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Niligeuka kwa shemeji, nikamwachia nafasi. Aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko mimi. Alimwuliza daktari kama kinauma, akajibiwa kwamba mfupa hautanuki, kwa hiyo kinabana. Aliuliza kama ndicho kilichomfanya apinde, akajibiwa ndiyo, upande huohuo. Akaitikia kila jibu. Nikasema moyoni, leo jogoo atabebwa.

Akanyooka, akafunga kifungo cha koti.

"Nimeona. Sina ubishi, daktari. Lakini sasa niambie, hiyo kitu nani aliiweka?"

"Hakuna aliyeiweka, mzee. Inamea yenyewe."

"Inamea yenyewe. Kwenye mbwa wa marehemu. Si kwenye mbwa wangu, si kwenye mbwa wa kanisa. Na upande wa kulia, upande wa mwanamume."

Daktari akaweka kisu chini. Msichana aliyesoma miaka yote ile, aliyenielezea kitu kimoja kimoja mpaka mimi wa darasa la tatu nikaelewa, hakuwa na mahali pa kuanzia. Nami sikuwa napo. Unampeleka mtu mpaka kwenye mfupa, unamfungulia, unamwonyesha kwa kidole, na yeye anahamia nyuma ya hapo, kwenye chumba kingine ambacho hakina mlango. Nilimkumbusha tulivyokubaliana tukila samaki. Akasema tulikubaliana ugonjwa uonyeshwe, umeonyeshwa, lakini hatukuzungumza ulikotoka.

Nikamtazama kijana wangu. Alikuwa bado ameshika msumeno. Yeye alikuwa ameona, na nilijua kwa uso wake kwamba ameelewa. Akaja karibu yangu, akaongea chini, kwa lugha yetu, kwamba anaamini daktari, anaamini kabisa, lakini nyumba yake inaanguka na watoto wanalala mahali panapovuja, na baba mdogo ndiye mwenye kubeba jogoo, hakuna mwingine. Ni usiku mmoja tu. Koti halitasema kitu.

"Mama, si lilale tu tumalize?"

Hilo ndilo lililoniuma, kuliko la shemeji. Shemeji hakuelewa, au alikataa kuelewa, ni sawa kwangu. Huyu ameelewa na bado ananiomba nikubali jambo ambalo sote wawili tumeliona kwa macho kwamba si kweli. Nilimwambia nyumba yake nitaitia bati jipya hapo ilipo, kwa njugu za msimu ujao, na akitaka kuhama bila jogoo ahame, nitatembea mbele yake mimi na moto mkononi, watu waseme. Akasema kweli watasema. Nikamwambia waseme. Akainamisha kichwa. Hakusema atahama na hakusema atabaki, na mpaka leo ninavyoandika hajasema.

Daktari alikuwa anarudisha mfupa mahali pake, anaufunga kwa kitambaa, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Shemeji akanisogelea. Sasa alikuwa ametulia, karibu mpole, kama mtu anayemaliza mazungumzo ya ng'ombe. Akaniambia tusigombane mbele ya mgeni, mbwa amekwisha kwenda, ndugu yake sasa atataka jibu, nimwambie tu ni siku gani nitakuwa tayari.

Nikamwambia: "Koti lako halitundikwi katika nyumba yangu."

Akauliza nimesemaje, akiinamisha sikio, kana kwamba alinipa nafasi nibadilishe. Mikono yangu ilikuwa bado na damu ya yule mbwa. Nikamrudishia polepole, kijana wangu akisikia, daktari akisikia:

"Koti lako halitundikwi katika nyumba yangu."